Sura ya Nne: Nani wa Kumwambia Mwenyekiti?

Katikati ya mwaka 1922 kijana mmoja wa Haifeng, wilaya ya pwani katika jimbo la Guangdong, alivaa suti yake nyeupe ya kisomi, akatia kofia kichwani, akaenda kijijini kuwaeleza wakulima jinsi wanavyodhulumiwa. Mkulima wa kwanza kukutana naye alikuwa akichanganya samadi. Alimkaribisha kwa adabu, kisha akamuuliza kama amekuja kudai kodi. Kijana akasema la, amekuja kufanya urafiki. Mkulima hakuamini. Mabwana wa suti nyeupe hawakuwa na desturi ya kufanya urafiki na watu wa samadi.

Kijana huyo aliitwa Peng Pai. Alikuwa mtoto wa kabaila, na mashamba ya familia yake yalilimwa na wakulima walewale aliotaka kuwakomboa. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Waseda kule Japani, na maneno aliyorudi nayo yalikuwa ya vitabuni. Hayakumfikia mtu. Basi akabadili mavazi, akashika lahaja ya pale pale, akasimama njia panda karibu na hekalu, mahali ambapo watu hupita wakienda na kurudi sokoni. Alipiga santuri na kufanya kiinimacho mpaka watu wakakusanyika, ndipo akaanza kuwauliza: kodi ya shamba mnalipa kiasi gani? Mkishalipa mnabaki na nini? Kikundi chake cha mwanzo kilikuwa cha watu sita. Kisha akafanya jambo ambalo ndugu zake waliliona kuwa ni wazimu: alizikusanya hati za mashamba aliyorithi, akazichoma moto mbele ya wapangaji wake. Januari 1923 chama cha wakulima cha wilaya nzima ya Haifeng kilizinduliwa. Serikali ya Kuomintang ilimuua Peng Pai mjini Shanghai Agosti 1929, akiwa na miaka 32.

Historia ya mapinduzi ya China husimuliwa zaidi kama historia ya bunduki na nadharia. Mimi naiona kwanza kama historia ya kuuliza: nani alikwenda kumuuliza mkulima, mkulima alijibu nini, na jibu lake liliishia wapi. Kwa kipimo hicho tunaweza kuelewa jinsi watu walewale walivyoweza kuleta mageuzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea vijijini China, na baadaye kusababisha njaa kubwa kuliko zote zinazojulikana katika historia.

Chama cha Kikomunisti kilipoanzishwa Shanghai, Julai 1921, wajumbe wake 13 walikuwa walimu, wanafunzi na waandishi. Macho yao yalikuwa kwa wafanyakazi wa viwandani na bandarini, kwa sababu ndivyo walivyosoma katika vitabu vya Ulaya. Lakini wafanyakazi hao walikuwa wachache mno katika nchi ambayo watu zaidi ya wanane katika kila kumi waliishi vijijini. Mmoja wa wajumbe alikuwa Mao Zedong, aliyezaliwa 1893 katika kijiji cha Shaoshan, Hunan, mtoto wa mkulima mwenye uwezo kidogo aliyefanya pia biashara ya nafaka. Januari 1927 alirudi Hunan, akatembea siku 32 katika wilaya tano, akiitisha vikao na wakulima na wanaharakati wao. Aliyoyaona yalimtikisa. Wakulima fukara, ambao mjini waliitwa wahuni, walikuwa wameshaanza wenyewe kuwaburuza makabaila barazani, kupunguza kodi za mashamba na kupiga marufuku kamari. Taarifa aliyoandika haikuwa ya upole. Alitetea waziwazi vitisho na mabavu waliyotumia. Ila ilikuwa na jambo ambalo taarifa za wenzake hazikuwa nalo, nalo ni sauti za watu aliokaa nao.

Wiki chache baadaye, tarehe 12 Aprili 1927, Chiang Kai-shek, kiongozi wa Kuomintang, chama kilichokuwa mshirika wao, aliwageukia wakomunisti mjini Shanghai na kuwachinja. Waliosalia wakakimbilia milimani. Huko, Mei 1930, Mao alifika mji mdogo wa soko uitwao Xunwu, kusini mwa Jiangxi, mji wa watu wapatao 2,700 hivi, akaketi na wazee, wafanyabiashara na wakulima kuuliza kila kitu. Duka gani linauza chumvi na linaitoa wapi. Nani anauza nguo, nani mafuta, nani nyama ya nguruwe. Vinyozi ni wangapi, na vijana siku hizi wananyoa mtindo gani. Katikati ya orodha hizo ndefu za bidhaa kuna sehemu inayosomeka kwa uchungu, inayoeleza jinsi mkulima aliyebanwa na deni anavyomuuza mtoto wake wa kiume: bei hukadiriwa vipi, nani huwa shahidi, na jinsi wadai wanavyofika mlangoni mara tu wakisikia fedha zimepatikana. Mwezi huohuo aliandika kijitabu kifupi chenye hoja moja kubwa, kwamba kiongozi asiyekwenda kuchunguza hali hana haki ya kulisemea jambo. Kijitabu hicho kilipotea katika misukosuko ya vita. Msomaji akikumbuke, kwa sababu tutakutana nacho tena.

Jeshi Jekundu la wakomunisti lilijengwa juu ya msingi huo. Askari waliolala kijijini usiku walikuwa wakiazima milango ya nyumba na kuifanya vitanda, na ilikuwa amri kuurudisha kila mlango mahali pake asubuhi kabla ya kuondoka. Jambo dogo, lakini mkulima aliyezoea jeshi linalochukua kuku, mchele na binti zake alilielewa mara moja. Oktoba 1934, jeshi lilipozingirwa Jiangxi, watu wapatao 86,000 walianza Matembezi Marefu; mwaka mmoja baadaye waliofika Shaanxi kaskazini walikuwa chini ya 8,000. Kutoka kundi hilo dogo, ndani ya miaka 14, lilikua jeshi lililoitwaa nchi nzima. Silaha hazitoshi kueleza ushindi huo. Kuomintang ndio waliokuwa na silaha nyingi zaidi.

Hata hivyo dalili ya ugonjwa ilikuwepo mapema, na waandishi wengi wanaoyasifu mapango ya Yan'an, makao makuu ya chama baada ya Matembezi Marefu, huipita haraka. Mwaka 1942 mwandishi Wang Shiwei, mwanachama, aliandika makala akilalamikia vyeo katika makao makuu hayo: nguo za daraja tatu na chakula cha daraja tano, huku vijana waliokuja kwa imani wakiwa wagonjwa na hawana supu. Alifanyiwa mikutano ya kumshutumu, akafungwa, na mwaka 1947 akauawa. Somo walilolipata makada vijana waliokuwa wakitazama lilikuwa wazi. Kumuuliza mkulima juu ya kabaila ni wajibu; kumuuliza juu ya chama ni hatari.

Baada ya 1949 mageuzi yalikuja kwa kishindo. Sheria ya ardhi ya Juni 1950 iliwagawia wakulima wapatao milioni 300 ardhi isiyopungua hekta milioni 46. Familia ambazo kwa vizazi zilitoa nusu ya mavuno kama kodi ya shamba zilivuna kwa mara ya kwanza na kuyaweka yote ndani. Mikutano ya hadhara ya kuwashtaki makabaila iliwapa fukara nafasi ya kusema yaliyokuwa yamewakaa kooni maisha yao yote, na mara nyingi iliishia kwa kipigo na mauti. Waliouawa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wapo watafiti wanaofikisha milioni moja au zaidi. Sheria ya ndoa ya Mei 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, kuozwa watoto na masuria, ikampa mwanamke haki ya kudai talaka. Wanawake wengi waliothubutu kuidai waliuawa na waume au wakwe zao, au walijiua kwa kuonewa. Wengine wakasimama. Wajukuu wa wanawake waliofungwa miguu utotoni isikue walisoma, wakaendesha matrekta, wakawa madaktari. Sidhani kuna haki ya kusimulia mabaya yaliyofuata bila kwanza kuyaeleza haya kwa uzito wake, kwa sababu ndiyo yaliyowafanya wakulima wamwamini Mao hata alipowapeleka pabaya.

Ardhi waliyogawiwa haikukaa mikononi mwao. Kufikia 1956 karibu kaya zote zilikuwa zimeingizwa katika ushirika. Mwaka 1957, baada ya wasomi kualikwa watoe maoni yao, zaidi ya watu 500,000 walibandikwa jina la wafuasi wa mrengo wa kulia. Walimu, waandishi wa habari, wahandisi, wataalamu wa takwimu. Wengi walipelekwa kambini au mashambani. Kwa maoni yangu mwaka huo ndio ufunguo wa yote. Njaa ya miaka iliyofuata iliandaliwa siku ambayo watu wanaojua kuhesabu walinyamazishwa.

Mwaka 1958 ulikuwa wa Hatua Kubwa ya Kusonga Mbele. Vijiji viliunganishwa kuwa komuni, kila moja na maelfu ya kaya, watu wakala katika mabwalo ya pamoja. Ili uzalishaji wa chuma ufike tani milioni 10.7, mara mbili ya mwaka uliotangulia, tanuri zilijengwa nyuma ya nyumba na wakulima wakayeyusha sufuria na majembe yao, wakapata vipande visivyofaa hata kwa misumari. Katika mashamba, mavuno yalikuwa mazuri lakini wavunaji walikuwa kwenye tanuri. Halafu yakaanza mashindano ya uongo. Katibu wa wilaya moja akitangaza mavuno ya ajabu, jirani yake atangaze makubwa zaidi, maana anayesema kweli ataonekana mzembe au adui. Gazeti la chama lilichapisha picha ya watoto waliosimama juu ya masuke ya nafaka, eti yamesongamana kiasi cha kuwabeba. Serikali ilitangaza tani milioni 375 za nafaka kwa mwaka huo. Hesabu za baadaye ziliweka kiasi halisi kuwa karibu tani milioni 200. Lakini kiasi cha nafaka kinachochukuliwa na serikali kilipangwa kufuatana na namba zilizotangazwa. Kijiji kilichodanganya kililipa kwa mbegu na chakula chake.

Mkoa wa Xinyang, jimboni Henan, unaonyesha mwisho wa njia hiyo. Wakulima waliposema hawana kitu, wakuu wa mkoa walisema wameficha, wakatuma wanamgambo kuwapiga na kuchimbua sakafu. Barabara zilizuiwa ili watu wasitoke kwenda kuombaomba. Posta ya Xinyang ilizuia barua zipatazo 12,000 zilizoandikwa na watu waliotaka jamaa zao au serikali kuu ijue kinachotokea. Maghala ya serikali katika mkoa huohuo yalikuwa na nafaka. Kati ya watu wapatao milioni nane, karibu milioni moja walikufa. Nchi nzima, makadirio ya watafiti yanaanzia milioni 15 na kufika milioni 45. Wengi hutaja karibu milioni 30.

Mtu mmoja alijaribu kumwambia Mwenyekiti Mao. Peng Dehuai, Waziri wa Ulinzi, alikuwa mtu wa Xiangtan, wilaya moja na Mao. Tofauti na Mao, utoto wake ulikuwa wa kuombaomba na kuchimba makaa ya mawe. Alikuwa ameongoza majeshi ya China katika vita vya Korea, ambako Mao Anying, mtoto wa kiume wa Mao, aliuawa kwa bomu Novemba 1950 akiwa katika makao makuu ya Peng. Mwishoni mwa 1958 Peng alikwenda kwao Hunan, akaona nyumba zilizobomolewa kwa ajili ya kuni za tanuri na wazee wanaoishi kwa taabu katika nyumba za kulelea. Julai 1959 viongozi walikutana Lushan, mji wa mapumziko mlimani. Asubuhi ya tarehe 13 alikwenda kumwona Mao, akaambiwa amelala. Basi akaandika barua, akaipeleka kwa Mao peke yake tarehe 14. Ni barua ya heshima: inaanza kwa kuyasifu mafanikio, kisha inataja kutia chumvi na kukimbilia mambo kwa pupa. Ukiisoma leo unashangaa ilikuwa ya upole kiasi gani.

Mao aliinakili na kuigawa kwa kikao kizima. Tarehe 23 alisimama akaishambulia, akasema jeshi likimfuata Peng, yeye atarudi vijijini kwa wakulima kuunda jeshi jingine. Hapa ndipo moyo wangu huumia zaidi ninaposoma habari hizi. Mtu aliyewahi kuwauliza wakulima bei ya mtoto sasa aliwataja wakulima kama silaha ya kumnyamazishia mtoto wao aliyeleta habari zao. Wajumbe waliojua kweli walimshambulia Peng, mmoja baada ya mwingine. Aliondolewa uwaziri, na msako wa wenye mawazo kama yake ukawakumba makada zaidi ya milioni tatu. Katibu wa kata aliyetaka kupunguza namba za mavuno alijua sasa litakalompata. Vifo vingi zaidi vilitokea mwaka 1960, baada ya Lushan.

Januari 1961, kijitabu kile cha 1930 kilipatikana. Mkulima mmoja wa Fujian alikuwa amehifadhi nakala yake miaka yote ya vita, na kupitia makumbusho kikamfikia Mao kwa mkono wa katibu wake Tian Jiaying. Mao alikifurahia mno. Akatangaza kuwa 1961 uwe mwaka wa uchunguzi, na Machi kijitabu kikagawiwa kwa viongozi mkutanoni Guangzhou. Kwa hiyo wakuu wa chama walioingia madarakani kwa kuuliza waliagizwa, baada ya mamilioni kufa, waende tena kuuliza.

Liu Shaoqi, Rais wa nchi, alikwenda kwao Hunan mwezi Aprili na kukaa siku 44. Alipofika, aligundua kwamba majibu yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Wakulima walitazama chini. Makada wa pale walijibu kwa niaba yao. Alilala katika chumba cha kuwekea chakula cha mifugo, kwenye shamba lililopewa jina la nguruwe elfu kumi na ambalo halikuwa na nguruwe wa kutajika. Alipoona hakuna wa kumwambia kweli, alichokonoa kinyesi kikavu cha binadamu kilichokuwa nje. Hakikuwa na harufu. Kilikuwa nyuzinyuzi za majani na makapi matupu. Rais wa nchi ya watu zaidi ya milioni 600 alilazimika kupata habari za wananchi wake kwa njia hiyo. Baadaye aliwaomba radhi wanakijiji waziwazi, na mabwalo ya pamoja yakavunjwa. Januari 1962, mbele ya makada wapatao 7,000 mjini Beijing, alisema wakulima wa Hunan walimwambia kwamba janga lile lilitokana na maumbile kwa sehemu tatu, na binadamu kwa sehemu saba. Mao hakumsahau. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vurugu za kisiasa alizozianzisha Mao miaka michache baadaye, Liu alipigwa, akanyimwa matibabu, akafa kizuizini Kaifeng mwaka 1969. Tian Jiaying alijiua Mei 1966. Peng Dehuai alikufa akiwa mfungwa Novemba 1974.

Hapa kwetu Tanzania hatukuyajua hayo. Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, mwaka uleule wa kijitabu, na serikali ya China ilikuwa haijakiri njaa hadharani. Mwalimu Nyerere alizuru China kwa mara ya kwanza Februari 1965 na kuvutiwa na nidhamu na ubanaji matumizi aliouona. Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo. Ujamaa haukunakiliwa kutoka China, na Nyerere aliueleza kwa misingi yake mwenyewe. Lakini mamilioni ya watu walipohamishwa katika Operesheni Vijiji miaka ya 1970, wapangaji wetu wangefaidika sana kusoma habari za Xinyang. Zilikuwa zimefungiwa.

Mwaka wa kifo cha Mao, 1976, Mchina wa kawaida alitarajiwa kuishi miaka zaidi ya 60. Kabla ya 1949 hakutarajiwa kufika 40. Madaktari pekupeku, vijana wa vijijini waliofunzwa kwa miezi michache, walikuwa wamepeleka chanjo na dawa mahali ambapo daktari hakuwahi kukanyaga. Mezani, chakula kilibaki kidogo. Katika kijiji cha Xiaogang, wilaya ya Fengyang jimboni Anhui, watu waliondoka kila mwaka kwenda kuombaomba. Usiku mmoja wa Novemba 1978 wawakilishi wa kaya 18 walikutana kwa siri wakagawana mashamba ya komuni, kila kaya ilime yake, itoe fungu la serikali na kubaki na ziada. Waliweka madole gumba kwenye karatasi, wakaahidiana kwamba viongozi wao wakikamatwa au kuuawa, waliobaki watalea watoto wao mpaka watimize miaka 18. Mavuno ya 1979 yalikaribia mara nne ya mwaka uliotangulia.

Katibu wa chama wa Anhui, Wan Li, alijua sheria inasema nini. Aliwaacha waendelee. Hiyo peke yake, kuacha, ilikuwa kitendo cha uongozi kuliko hotuba nyingi za miaka ishirini. Beijing, ambako Deng Xiaoping alikuwa akishika hatamu, haikukubali mara moja, lakini mavuno yalizungumza, na kufikia 1983 karibu vijiji vyote vilikuwa vimefuata njia hiyo.

Wasimulizi wengi huishia hapo kwa shangwe. Mimi siwezi, kwa sababu komuni zilipovunjwa, bima ya afya ya vijiji iliyotegemea mfuko wa komuni nayo ilivunjika. Katikati ya miaka ya 1970 karibu vijiji tisa katika kumi vilikuwa nayo. Kufikia 1985 ilibaki kwa kijiji kimoja katika ishirini. Hakuna aliyekwenda kuwauliza wakulima kama wanataka kuipoteza. Serikali ilianza kuirudisha kwa sura mpya mwaka 2003. Nazo kodi na michango ziliendelea kuwaelemea miaka yote ya 1990, huku miji ikijengwa maghorofa kwa mikono ya vijana wao.

Machi 2000, katibu wa chama wa kata ya Qipan, wilaya ya Jianli jimboni Hubei, aitwaye Li Changping, alimwandikia barua Waziri Mkuu Zhu Rongji. Alieleza kwamba wakulima ni fukara kweli, maisha ya vijijini ni ya taabu kweli, na kilimo kimo hatarini kweli, akaonyesha hesabu za kodi zinavyozidi mapato ya shamba. Safari hii barua ilifika, ikasomwa, na wachunguzi wakatumwa kimyakimya kutoka Beijing. Wakuu wa wilaya hawakumsamehe. Kabla mwaka haujaisha Li alikuwa ameacha kazi na kwenda Shenzhen kutafuta riziki, kama walivyofanya wakulima wa kata yake. Tarehe 1 Januari 2006 kodi ya kilimo, iliyokuwa imetozwa na kila utawala wa China kwa zaidi ya miaka 2,000, ilifutwa nchi nzima.